Unaanza kufuatilia usugu wa dawa za fangasi kwenye damu? Anzia kwenye spishi

Ukiingia kwenye kazi hii, swali utakaloulizwa na kila mtu, kuanzia daktari wa wodini mpaka bosi anayeandaa ripoti, ni lilelile: flukonazoli (dawa ya fangasi inayotumika sana) imegoma kwa asilimia ngapi? Na utatamani uwape namba hapohapo. Mi nakwambia tulia kwanza. Ukichukua Kandida wote (Candida, fangasi wa jamii ya hamira) ukawachanganya ukatoa asilimia moja ya jumla, hiyo namba haimsaidii mtu na inaweza kumpeleka mgonjwa kwenye dawa isiyomfaa, na hawa ni wagonjwa ambao hawana muda wa kupoteza, fangasi akishaingia kwenye damu kila siku ya kuchelewesha dawa sahihi inapunguza nafasi ya mtu kupona.

Kwanza hakikisha unafuatilia maambukizi vamizi kweli. Damu, maji ya uti wa mgongo, usaha au majimaji yaliyovutwa kwa sindano kutoka sehemu ambayo kwa kawaida haina vijidudu, hizo ndo sampuli zako. Mkojo, makohozi, swabu za mdomo na za ukeni ziweke pembeni, hata kama zimejaa fangasi, maana sehemu hizo Kandida anaishi tu bila kuumiza mtu na ukizichanganya na za damu hutajua tena unapima nini.

Sasa jambo ambalo ningependa likukae kichwani kuliko yote ni spishi. Hawa fangasi wa jamii ya hamira hawafanani kabisa mbele ya dawa. Candida krusei anazaliwa na usugu wa flukonazoli, huyo unaandika sugu hata bila kumpima. Candida glabrata flukonazoli inamgusa kidogo tu tangu asili, akikaa nayo muda anawasha pampu zake za kutapisha dawa nje ya seli, usugu unapanda. Candida parapsilosis ukimpima na dawa za ekinokandini (kaspofungini, mikafungini, anidulafungini) kiasi cha dawa kinachohitajika kumzuia kiko juu kuliko cha wenzake hata kama hajawahi kukutana na hizo dawa, na hapo wageni wengi wanakimbilia kuandika sugu wakati ndivyo alivyoumbwa. Cryptococcus, hamira mwingine ambaye sio Kandida, ndo kabisa, ekinokandini hazimfanyi kitu.

Ona inavyokuwa kwenye ripoti. Chukulia hospitali ambayo mwaka jana ilikuwa na albicans wengi, halafu mwaka huu krusei wameongezeka kwa sababu wagonjwa wengi wa saratani ya damu wanapewa flukonazoli kama kinga. Asilimia ya usugu itapanda na wakubwa watashtuka wakidhani fangasi wamebadilika, kumbe hakuna hata mmoja aliyebadilika, ni aina moja imepungua nyingine imechukua nafasi. Hatua za kuchukua hapo ni tofauti kabisa na zile za parapsilosis ambaye zamani alikuwa anasikia flukonazoli vizuri na sasa ana badiliko la Y132F kwenye jini ya ERG11 (inayotengeneza kimeng'enya kinacholengwa na flukonazoli) na anaenea kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine ICU. Kwa huyo wa pili unakimbilia usafi wa mikono na vifaa, sio kubadilisha kinga tu.

Kwa hiyo usikubali rejista iliyojaa "Candida spp" au "sio albicans". Jemu tyubu, kipimo cha kuangalia kama seli inachipua kamrija, ni nzuri kuanzia, masaa 2 mpaka 3 kwenye seramu kwa nyuzi 37, ila inakwambia albicans (au ndugu yake dubliniensis) basi, haiendi mbali zaidi. Agari ya rangi, ambayo spishi tofauti zinaota kwa rangi tofauti, inasaidia zaidi, na ina faida nyingine ambayo watu wanaisahau, inakuonyesha kama chupa ya damu ina spishi mbili kwa pamoja. Ukipima mchanganyiko bila kujua, jibu lako sio la huyu wala la yule. Kama mna MALDI-TOF, mashine inayotambua spishi kwa protini zake, mna bahati, ila ulizia data zake zimesasishwa lini.

Hapa namtaja Candida auris peke yake kwa sababu anastahili. Alielezwa mara ya kwanza 2009, ametoka sikioni kwa mgonjwa Japani, na leo yuko mabara mengi. Oktoba 2022 WHO walipotoa orodha ya fangasi wa kupewa kipaumbele walimweka kundi la juu kabisa, pamoja na Cryptococcus neoformans, Aspergillus fumigatus na Candida albicans. Shida yake maabara ni kwamba mifumo ya zamani ya kutambua kwa kemikali inamwita Candida haemulonii, mingine inamwita Rhodotorula glutinis. Rhodotorula kawaida koloni zake zina rangi ya waridi au machungwa, sasa mashine ikisema Rhodotorula na pleti iliyo mbele yako ina koloni nyeupe au za krimu, simama hapo. Ioteshe tena kwa nyuzi 42. Ikiota, ichukulie kama auris mpaka ithibitishwe vingine na wataarifu watu wa kuzuia maambukizi siku hiyohiyo, maana huyu anakaa kwenye vitanda na vifaa na anahama.

Tukija kwenye kupima MIC, yaani kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia fangasi kukua, hapa ndo utahitaji kukaa na mtu mzoefu mkiangalia pleti pamoja. Unainua pleti ya vishimo 96 kwenye mwanga. Kishimo cha kontroli kisicho na dawa kimejaa ukungu mzito. Unafuata mstari wa flukonazoli, kwenye kiwango kidogo ukungu bado mzito, ukifika labda 0.5 unapungua ghafla, halafu kuanzia hapo mpaka 64 kunabaki kaukungu kembamba ambako hakaishi. Mgeni anasubiri kishimo kiwe safi kabisa, hakioni, anaandika MIC ni zaidi ya 64, sugu. Sio sugu huyo! Flukonazoli inasomwa pale ukuaji unapopungua kwa asilimia 50 ukilinganisha na kontroli, hako kaukungu ni tabia ya kawaida hasa kwa albicans na tropicalis, na kakisomwa vibaya mgonjwa ananyimwa dawa ambayo ingemsaidia. Ekinokandini nazo unasoma kwa asilimia 50. Amfoterisini B, dawa nyingine ya fangasi, ni kinyume, hiyo unasubiri kishimo kiwe safi kabisa. Na usome kwa masaa 24, ukiacha mpaka 48 hako kaukungu kanazidi kukudanganya.

Kila mara unapopima weka na zile kandida mbili za kontroli, ATCC 22019 ambaye ni parapsilosis na ATCC 6258 ambaye ni krusei. Mipaka yao imechapishwa. Wakitoka nje ya mipaka majibu ya siku hiyo hayatoki maabara, hata kama wodi inapiga simu.

Kuna njia mbili kubwa za kupima, ya CLSI ya Marekani na ya EUCAST ya Ulaya (taasisi zinazoweka viwango vya kupima dawa), na usizichanganye kwenye jedwali moja. EUCAST wanaweka seli nyingi zaidi kama mara 100 hivi, sukari nyingi zaidi na wanasoma kwa mashine. Mipaka ya kusema sugu nayo inatofautiana, kwa mfano glabrata mwenye MIC ya flukonazoli 32 kwa EUCAST ni sugu, kwa CLSI anawekwa kwenye kundi la anayehitaji dozi kubwa. Ndo maana nasisitiza sana, tunza namba yenyewe ya MIC, sio herufi ya S (dawa inamfaa) au R (sugu) peke yake, na uandike njia iliyotumika na mwaka wa mipaka uliyofuata. Mipaka inabadilika. Ukiwa na namba utaweza kuitafsiri upya data ya miaka yote, ukiwa na herufi tu umekwama. Kaspofungini iangalie kwa tahadhari, matokeo yake yanatofautiana sana kati ya maabara na maabara kiasi kwamba EUCAST hawajaiwekea mipaka, wengi tunategemea mikafungini au anidulafungini kusemea kundi zima.

Kwenye kuhesabu, mgonjwa mmoja mwenye chupa sita za damu zenye kandida yuleyule ni mmoja, sio sita. Chukua ya kwanza. Ila zile za baadaye usizitupe, zichambue kando, kwa sababu usugu wa ekinokandini mara nyingi unatokea katikati ya matibabu kupitia mabadiliko kwenye jini za FKS (zinazotengeneza kimeng'enya kinacholengwa na ekinokandini), na ukichukua ya kwanza peke yake hutauona kamwe. Spishi ikiwa na vimelea chini ya 30 usitoe asilimia, sema "3 kati ya 11" na watu wataelewa. Pia pima wote, sio wale tu ambao dawa imewashinda, maana ukipima walioshindikana peke yao kila kitu kitaonekana sugu. Na kumbuka kalcha ya damu yenyewe inakosa karibu nusu ya wagonjwa wa kandida vamizi, kwa hiyo andika pia ni kalcha ngapi zilichukuliwa, hospitali inayochukua chache itaonekana haina tatizo.

Majina nayo yamebadilika, glabrata sasa anaitwa Nakaseomyces glabratus, krusei ni Pichia kudriavzevii, auris ni Candidozyma auris. Kwenye kompyuta amua jina moja na uunganishe na la zamani, la sivyo spishi moja itajigawa mistari miwili na kila mstari utaonekana mdogo. Kwa daktari andika yote mawili, yeye dawa zake kazisoma kwa jina la zamani.

Ukipata jibu la ajabu, mfano albicans sugu kwa mikafungini, usilifiche na usilitangaze bado kama usugu mpya. Mpigie daktari umwambie kuna jibu linahakikiwa ili afikirie dawa nyingine mapema. Halafu otesha upya uone kama koloni ni safi, thibitisha spishi, rudia MIC na kontroli zote mbili, gandisha kimelea kwenye gliseroli kwa nyuzi hasi 70 au chini zaidi, na tuma nakala yake nyingine kwenye maabara ya rufaa wakaangalie jini ya FKS. Kwenye chupa ya kugandishia andika namba ya sampuli, tarehe na spishi kwa kalamu isiyofutika.