Paka ana uvimbe chini ya ngozi: usikamue, pima kwanza

Ukigusa kinundu mgongoni kwa paka, kidole gumba kinataka kukikamua chenyewe. Kizuie. Sisti ya ngozi ni kifuko kidogo ambacho ukuta wake umetengenezwa na chembe zilezile za ngozi ya juu. Ngozi ya nje ikichakaa magamba yake hupukutika yakaenda, lakini ndani ya kifuko hayana pa kwenda, hivyo hujikusanya yakawa uji mzito wa kijivu au kahawia, mara nyingine wenye harufu. Ukikamua, uji huo hupita njia mbili. Kidogo kitatoka nje kupitia kitundu cha unywele, na wewe utafurahi. Kinachobaki hupasua ukuta kwa ndani na kumwagika kwenye nyama, ambako mwili hukipokea kama unavyopokea mwiba: pajae, pawe pekundu, paume. Bakteria wakiingia, umejitengenezea jipu mahali ambapo hapakuwa na jipu. Hata ukibahatika kutoa uji wote, ukuta umebaki, na kifuko kitajaa tena.

Jambo la pili ambalo wenye paka Tabora hulikosea ni kudhani kila uvimbe ni sisti. Sisti za kweli kwa paka si nyingi kama kwa mbwa. Paka anayezurura usiku Isevya au Ng'ambo akirudi na uvimbe, anza kufikiria jipu la kung'atwa.

Jipu lina mwendo wake. Jino la paka ni jembamba na refu, linachoma tundu dogo ambalo hufunga haraka, uchafu ukabaki chini. Baada ya siku 2 hadi 5 unaona uvimbe wa moto, unaouma, shavuni, mguuni au pale mkia unapoanzia (aliyekuwa akikimbia ndiye hung'atwa mkiani, ukitaka kujua nani alishindwa). Paka anajificha, hali, na ana homa. Kipimajoto cha dijitali cha duka la dawa kinatosha: paka vaselini nchani, ingiza njia ya haja kubwa kama sentimita 2, subiri kilie. Paka mzima yuko kati ya 38 na 39.2. Ukiona 39.5 kwenda juu, hiyo ni homa; ikivuka 40, usingoje kesho.

Jipu ambalo bado halijapasuka likandwe kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia bila shida, dakika 5 hadi 10, mara 3 kwa siku. Likipasuka lenyewe, suuza kwa maji ya chumvi: kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa ndani ya nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Fanya hivyo asubuhi na jioni, ukiondoa gaga linaloziba tundu, kwa sababu tundu likifunga mapema usaha hurudi palepale. Hii ni huduma ya kwanza kwa aliye mbali, tuseme Sikonge ndani au vijiji vya Uyui. Jipu kubwa linahitaji kupasuliwa vizuri na antibiotiki iliyopimwa kwa uzito wa paka. Na kwa kuwa paka aliyeng'atwa hujui ameng'atwa na nani, hakikisha chanjo yake ya kichaa cha mbwa iko hai. Ugonjwa huo jina ni la mbwa tu, paka naye unampata na anauambukiza. Akikung'ata wewe wakati unamhudumia, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali ya Kitete au kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo.

Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, huleta mgeni mwingine: funza wa nzi. Nzi hutaga kwenye mchanga au nguo zenye unyevu na harufu ya mkojo, mayai yakianguliwa funza huingia kwenye ngozi ya mnyama aliyelala hapo. Dalili yake haifanani na ya sisti ukiangalia kwa karibu. Katikati ya uvimbe pana tundu dogo la wazi, linatoa majimaji, na ukimulika kwa tochi ya simu unaweza kuona kitu kikisogea, kinatokeza na kurudi. Hicho ni kitako cha funza, anapumulia hapo. Funika tundu kwa vaselini nene kwa dakika 20 hadi 30, akikosa hewa atajisogeza nje, kisha minya kutoka pembeni kuelekea juu, taratibu, mkono umevaa glavu. Usimvute akakatika, kipande kikibaki kitaleta usaha. Huu ndio uvimbe pekee ambao kuuminya kuna maana. Funza wakiwa wengi, au wakiwa karibu na jicho, mwachie daktari. Matandiko ya paka yafuliwe, yakauke kabisa, yapigwe pasi pande zote.

Kupe aliyeshiba naye hudhaniwa uvimbe. Panua manyoya, mulika. Ukiona miguu, umejibiwa.

Sasa sisti yenyewe. Ni ya mviringo, mipaka yake inashikika, ukiisukuma inateleza pamoja na ngozi juu ya nyama. Haiumi, haina joto, na hukaa miezi ikiwa ileile au ikikua kwa kujivuta. Mara nyingi iko kichwani, shingoni au mgongoni. Nyingine zina majimaji maangavu badala ya uji, zina rangi ya buluu kwa nje, na hupenda kope na uso, hasa kwa paka wenye damu ya Persian. Ndani ya sikio hutokea vijifuko vingi vidogo vya buluu iliyokoza hadi nyeusi ambavyo watu huvidhania kupe na kuanza kuvinyofoa kwa kibano. Havinyofoki, vinatoka damu tu. Kama havizibi njia ya sikio huachwa. Vikiziba, sikio huoza ndani na paka hutikisa kichwa kutwa. Vidoti vyeusi vya kidevuni ni kitu kingine kabisa, ni mafuta yaliyoganda kwenye vitundu vya nywele. Badilisha bakuli la plastiki, weka la bati au kauri, lioshwe kila siku, na kwa paka wengi vidoti hupungua.

Hayo yote ni ya kukisia kwa kidole, na hapa ndipo tunapokuwa wakali. Uvimbe wa saratani changa unaweza kuteleza vilevile, usiume vilevile, uwe mviringo vilevile. Paka ana bahati mbaya kuliko mbwa katika hili: uvimbe wake wa ngozi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mbaya. Kwa hiyo usiulize "unafanana na nini", uliza "una ukubwa gani na una muda gani". Uliofikia sentimita 1, au uliokaa mwezi bila kuondoka, ufyonzwe kwa sindano na kilichotoka kiangaliwe kwa darubini.

Pima kwa rula na si kwa jicho. Nyoa manyoya kidogo kwa mkasi butu juu ya uvimbe, weka rula pembeni, piga picha rula ikionekana, andika tarehe na mahali uvimbe ulipo. Rudia kila baada ya wiki 2, kwa saa ileile na mwanga uleule kama unaweza. Bila picha, mwenye paka huzoea uvimbe unaokua mbele ya macho yake na kuapa kwamba haujabadilika. Wakati huohuo papasa mwili mzima: chini ya taya, kwapani, kinenani, mstari wa chuchu pande zote mbili.

Chuchu hazina subira. Kwa paka jike, uvimbe 8 au 9 kati ya 10 wa tezi za maziwa huwa ni saratani, na ukitolewa kabla haujafika sentimita 2 matumaini ni makubwa zaidi kuliko ukivuka hapo. Uvimbe wa hapo hauhitaji mwezi wa kuchunguza, peleka wiki hiyo. Kumfunga kizazi kabla ya umri wa mwaka 1 hupunguza sana hatari hii.

Mahali pengine pa kuangalia ni pale alipochomwa chanjo. Kinundu kidogo baada ya sindano ni cha kawaida na hutoweka. Kanuni wanayotumia madaktari wa wanyama ni 3, 2, 1: kikiwepo bado baada ya miezi 3, au kikizidi sentimita 2, au kikiendelea kukua mwezi 1 baada ya sindano, kichukuliwe kipande kipimwe. Ndiyo maana ni vizuri kuomba chanjo ichomwe chini mguuni na si kati ya mabega, na kuandika kwenye kadi ni mguu upi. Kwa paka mweupe, jua la Tabora lenyewe ni hatari: kigaga cha ncha ya sikio au puani kinachotoka na kurudi, kisichopona wiki 3, kichukulie kama saratani mpaka daktari aseme vinginevyo.

Siku hiyohiyo mpeleke paka asiyekula kwa saa 24 au mwenye homa inayovuka 40, uvimbe uliopasuka na kutoa damu isiyokoma, uvimbe uliovimba ndani ya saa chache usoni au kooni akawa anapumua kwa shida, na uvimbe laini wa tumboni au kinenani unaorudi ndani ukiubonyeza. Huo wa mwisho huenda ni ngiri, na anayeuchoma sindano nyumbani anaweza kuchoma utumbo.

Kabla ya kwenda, chunga mkono wako na kabati la dawa. Panadol inaua paka. Ini lake halina njia ya kuivunja kama letu; kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa paka wa kilo 3 ni sumu kamili, ufizi unageuka rangi ya udongo, uso na miguu inavimba, pumzi inakatika. Diklofenaki na ibuprofeni zinaharibu figo na tumbo. Dettol anailamba kutoka kwenye manyoya, inamchoma mdomo na kumlewesha. Mafuta ya taa na oili chafu vivyo hivyo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, hasa yenye permetrini, humtetemesha paka hadi kufa. Halafu kuna ivermektini ya asilimia 1 ya duka la mifugo: mililita 1 imepangwa kwa kilo 50 za ng'ombe. Paka wako ana kilo 3. Bomba la sindano la ng'ombe halina hata alama ndogo ya kutosha kupima haki yake, na anayekwambia "mchome kidogo tu" hajapiga hesabu.

Tabora mjini anza kwa daktari wa mifugo wa manispaa. Kijijini anza kwa bwana mifugo wa kata, ambaye atakuelekeza kama kazi imemzidi. Uliza moja kwa moja: "Unafanya kufyonza kwa sindano na kuangalia kwa darubini?" Ni kazi ya dakika chache. Sindano nyembamba ya geji 22 au 23, bomba la mililita 5, tone linatandazwa kwenye kioo na kuachwa likauke kwa hewa. Paka wengi hawahitaji hata dawa ya usingizi. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo Tabora, piga simu kwanza uulize kama wanapokea sampuli ya paka na iletwe vipi. Upasuaji mkubwa zaidi unaweza kukupeleka hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro.

Msafirishe kwenye kikapu chenye mfuniko au tenga lililofunikwa shuka, si kwenye kiroba. Kwenye bodaboda la mchana kiroba kinamkosesha hewa.

Ikiamuliwa sisti itolewe, lengo ni kutoa kifuko kizima na ukuta wake bila kukipasua. Ndiyo maana aliyekwisha kukamua humpa daktari kazi ngumu: ukuta umegandamana na nyama, na kipande kikisahaulika, sisti inarudi. Paka mzima asile saa 6 hadi 8 kabla ya nusukaputi. Mtoto wa paka ana masharti yake, muulize daktari. Kilichotolewa kisitupwe. Kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, formalini iwe mara 10 ya ukubwa wa kipande, kipelekwe maabara. Kukiweka kwenye friza au spiriti ni kuharibu jibu.

Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Muda wote huo asilambe, maana ulimi wa paka ni msasa na unafungua mshono usiku mmoja. Kola ya shingoni ya kumzuia kulamba ikikosekana dukani, kata mduara kwenye plastiki laini ya ndoo kuukuu, funika kingo kwa bandeji, funga shingoni kwa kuacha nafasi ya vidole viwili, na hakikisha anafikia chakula akiwa ameivaa. Mshono ukiwa mwekundu siku 2 za mwanzo ni sawa. Ukianza kutoa majimaji yenye harufu siku ya 4 au ya 5, rudi kwa aliyeshona.