Nimeitwa jeshini miezi 10: kazi yangu itanisubiri?

SWALI: Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Minnesota, na niko jeshi la akiba la Marekani. Kila mwezi nikienda mazoezi ya wikendi, msimamizi hunitaka nitafute mtu wa kushika zamu yangu, kisha anazikata siku hizo kwenye likizo yangu. Sasa nimepata amri ya kwenda miezi 10. Anasema niandike barua ya kuacha kazi, nikirudi niombe upya kama watu wengine. Ana haki hiyo?

JIBU: Hana, kwa yote matatu. Sheria inayokulinda inaitwa USERRA, ya mwaka 1994. Ni ya nchi nzima na inambana kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja tu. Utaratibu wa kampuni ukiongeza sharti ambalo sheria haina, kama hilo la kutafuta mtu wa zamu, hauna nguvu. Likizo ni yako: ukitaka kuitumia ili ulipwe, sawa, lakini kulazimishwa ni marufuku.

Kosa la kawaida ni kuandika "naomba ruhusa". Sheria inadai taarifa, wala haimpi mwajiri nafasi ya kukubali au kukataa. Taarifa ya mdomo inatosha kisheria, ila ya mdomo hukanwa. Andika tarehe unayoondoka na kwamba utarudi kazini utumishi ukiisha, tuma kwa barua pepe siku 30 kabla ikiwezekana, ubaki na nakala.

Barua ya kuacha kazi usiiandike. Hata kama umeshaiandika, haki ya kurudi haijapotea, kwa kuwa huwezi kuisamehe kabla hujatumikia. Lakini umempa mwajiri kitu cha kubishania.

Wengi hupotezea haki yao wakati wa kurudi, kwa kuchelewa. Baada ya wikendi ya mazoezi, au utumishi wowote usiozidi siku 30, unaripoti kwenye zamu ya kwanza kamili ya siku inayofuata, ukishafika nyumbani salama na kupumzika saa 8. Utumishi wa siku 31 hadi 180, unaomba kurudi ndani ya siku 14. Wako umezidi siku 180, kwa hiyo una siku 90. Ukiumia huko, muda unaweza kuongezwa hadi miaka 2 ya kupona. Ukishaomba, kwa kawaida mwajiri anatakiwa akurudishe ndani ya wiki 2. Anaweza kudai karatasi za jeshi, lakini kama hazijatoka, hicho si kisingizio cha kukuchelewesha.

Na hutarudi palepale ulipopaacha. Sheria inakuweka pale ambapo ungekuwa kama usingeondoka: kama wenzako wameongezwa mshahara kwa miaka ya kazi, na wewe umo. Hili hukata pande zote mbili, kwani kama kitengo chako kimefungwa na ungepunguzwa pamoja nao, sheria haiwezi kukuzulia kazi. Baada ya kurudi, kwa mwaka mmoja huwezi kufukuzwa bila sababu ya haki.

Bima ya afya ya kazini unaweza kuiendeleza hadi miezi 24, ila ukiwa nje zaidi ya siku 30 unaweza kutozwa hadi asilimia 102 ya gharama yote. Kwa kuwa jeshi litakuwa linakutibu, piga hesabu kwanza. Kuna pia kikomo cha miaka 5 ya utumishi kwa mwajiri mmoja, lakini mazoezi ya wikendi na yale ya kila mwaka hayahesabiwi humo.

Wakikukatalia, anza na ESGR, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosuluhisha bure. Ikishindikana, peleka malalamiko VETS, Wizara ya Kazi, kwa fomu namba 1010. Mahakamani pia unaweza kwenda, na hutozwi ada ya kufungua kesi. Ila kabla ya yote, ile taarifa yako usiiishie kwa msimamizi. Ipeleke pia idara ya rasilimali watu, maana mara nyingi wao wanaijua USERRA na yeye haijui.