Mimi ni mtu wa kona

Mmeuliza wiki hii: "Kupe ya michezo ya Ulaya au gari la misuli la Marekani, lipi bora?" Gari la misuli ni lile la injini kubwa yenye nguvu. Kwanza hilo neno "kupe" litafutieni mbadala. Kwetu kupe ni mdudu wa ng'ombe, dawa yake josho. Nitasema gari la milango miwili.

Jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma swali: Ulaya. Nimezaliwa Mombo. Aliyewahi kupanda Lushoto kwa basi, ndoo ya maziwa mapajani, hahitaji kuelezwa raha ya gari linaloshika kona. Na V8, yaani gari la silinda nane, kwangu lilikuwa gari la mheshimiwa, lile linalokusukuma pembeni mchana kweupe huku limewasha taa.

Sasa naendesha lori la maji huku Al Ain, Emirati. Ramadhani moja, baada ya tarawehe, shemeji yangu na rafiki yake wakasema tupande mlima wa Jebel Hafeet. Barabara ile ina kona kama 60, lami laini, taa mpaka juu. Shemeji ana la Kijerumani la zamani, silinda sita. Rafiki ana la Kimarekani, V8. Majina ya kampuni nayaacha, moja bado lina deni benki.

Nikaingia kwa shemeji, chupa ya chai katikati ya miguu. Jamani! Usukani anaugusa kwa vidole, gari limeshageuka. Injini inalia, mshale wa mizunguko ya injini unapita elfu saba kwa dakika, na chai haimwagiki. Nyuma yetu yule Mmarekani kila kona analala upande kama basi la Lushoto lenye magunia kwenye keria, halafu panaponyooka kidogo anatufikia kwa mngurumo mmoja. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Kileleni tukaegesha. Nikasikia harufu tamutamu, kama sharubati iliyoungua, kisha mvuke kwenye boneti. La shemeji limechemsha. Kitenki cha maji, cha plastiki, kina ufa wa urefu wa kidole. Shemeji akawa anaupapasa kwa kidole gumba kama mtu mwenye jino bovu, haongei. Mimi, fundi wa mdomo, nikashauri sabuni ya mche, kama tulivyokuwa tukiziba tenki la dizeli la trekta. Rafiki hakutucheka hata kidogo. Alikunja kiti cha mbele akasema, "Ingieni."

Kiti cha nyuma kilinitosha, magoti na yote. Tukashuka taratibu kwa gia ndogo, na tulipoikamata barabara iliyonyooka injini ikatulia, inakoroma kwa chini kama paka aliyeshiba. Shemeji alikuwa ameshalala tangu Mubazzarah, pale chini ya mlima.

Gari ni mtoto wa barabara, ndivyo ninavyoona sasa. Ford walizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964, siku tisa kabla ya Muungano wetu. Mwaka huohuo Pontiac walikuwa wakiuza GTO ya injini ya lita 6.4, na Porsche wakaanza kuuza 911 yenye lita 2 tu. Wamarekani mafuta yalikuwa rahisi, barabara ndefu, na mashindano yao ni robo maili iliyonyooka. Ulaya nchi kadhaa zilitoza kodi kwa ukubwa wa injini, na milima ya Alps haikuhamishwa kwa ajili ya mtu. Nani kakosea hapo?

Kwa hiyo kura yangu, naona haya kuiandika, ni Marekani. Kwa masharti: mafuta anunue mwingine, na liishie hukuhuku jangwani. Mkinipa nilipeleke Mombo nalirudisha, maana kona za Soni, njia ya kupanda Lushoto, halitaziweza. Ingawa Soni hata la shemeji lingechemsha. Na ile sabuni ya mche tuliijaribu kesho yake. Plastiki haiishiki.