Mume wangu aliigeuza safari ya Idi kuwa ya kutazama ndege

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Bombo na mume wangu na watoto wetu watatu. Siku ya pili ya Idi alitupeleka Entebbe pamoja na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Arua. Alituambia kwamba tunakwenda kuwaona wanyama na kupunga upepo wa ziwa. Kwa wanyama tulipita mbio mbio, kisha akatuweka ufukweni karibu na uwanja wa ndege, akatoa kamera, na tangu hapo hatukumpata tena. Tulipokuwa tunakula samaki alitukunjisha mkeka, akisema upepo umegeuka na ndege zitakuja kwa upande mwingine. Mama yangu aliachwa juani kwenye benchi mpaka kichwa kikamuuma. Baadaye askari alimfuata mume wangu karibu na uzio akamhoji mbele ya watoto. Aliyefurahi ni binti yetu wa miaka tisa peke yake, aliyeshinda akiandika herufi za ndege kwenye daftari kana kwamba mimi sipo. Tangu siku hiyo mimi na baba yao tunasemeshana kwa kupitia watoto. Nimefikiria kuificha ile kamera. Nifanyeje?*

*Mama Watatu, Bombo*

Marahaba, mwanangu, na nawe pokea mkono wa Idi ingawa umechelewa.

Nianze na kamera, maana hilo ndilo jepesi: usiifiche. Mtu mzima akifichiwa kitu chake naye huanza kuficha vyake, na kwa jinsi ninavyoisoma barua yako, kufichana ndiko kulikoiharibu safari yenu tangu mwanzo.

Mapenzi ya mumeo si wazimu, na ukimwambia kuwa ni wazimu utakuwa umeshindwa kabla ya mazungumzo kuanza. Shirika letu la Uganda Airlines, ambalo lilifungwa mwaka 2001 na kufufuliwa mwaka 2019, lina ndege mbili za Airbus A330-800, aina ambayo zimeundwa chache sana duniani kote. Wapenzi wa ndege wa nchi nyingine wanaziwinda kwa picha, ilhali mumeo anaweza kuzifuata kwa nauli ya matatu. Hata habari ya upepo hakukudanganya. Ndege hutua na kuruka zikiukabili upepo, kwa sababu hapo huhitaji mwendo mdogo zaidi juu ya ardhi na sehemu fupi zaidi ya njia. Na kandokando ya Ziwa Viktoria upepo wa alfajiri aghalabu hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kisha jua likishaipasha ardhi moto hugeuka na kuvuma kutoka ziwani. Mahali panapofaa asubuhi huenda pasifae kitu mchana.

Ila mtu anayeyajua hayo yote alijua pia, kabla hamjatoka Bombo, kwamba mkeka ungekunjwa. Nina hakika kwamba katika simu yake mna programu inayoonyesha ndege zilizoko angani, maana siku hizi karibu kila mpenzi wa ndege anayo: ndege hutangaza kwa redio mahali ilipo, kimo chake na mwendo wake, vipokezi vya ardhini huzinasa taarifa hizo, na mwenye simu huiona ikikaribia kabla haijafika machoni pake. Mtu wa namna hiyo hakai ufukweni akibahatisha. Mumeo alikuwa na ratiba kamili ya siku hiyo, nanyi mlikuwa ndani yake bila kuambiwa. Ubaya ninaouona ni kwamba safari yake aliipa jina la safari ya watoto, na akina mama wawili wakaibeba kwa vikapu na mkeka.

Kwa hiyo, utakapozungumza naye, na uzungumze naye wewe mwenyewe bila kuwatuma watoto, usimuulize kwa nini anapenda ndege. Mwulize kwa nini hakusema. Ukimshtaki kwa ndege atajitetea kwa ndege, nawe utasikiliza habari za injini mpaka usiku wa manane. Ukimshtaki kwa kutokusema, hatakuwa na la kujitetea nalo.

Habari ya binti yako umeiandika kama shtaka, nami naomba uisome upya. Herufi alizokuwa akiziandika ni namba za usajili: zinazoanza na 5X ni ndege za Uganda, 5Y za Kenya, 5H za Tanzania, ET za Ethiopia. Mtoto wa miaka tisa aliyekaa mchana kutwa akipambanua nchi kwa herufi, akakosa kukuangalia, hajakudharau. Amepata kitu chake. Kinachokuuma, nadhani, ni kwamba hakuna aliyekugeukia akakuonyesha daftari. Mwambie akuonyeshe leo. Usijifanye unapenda, kwa kuwa watoto hulitambua hilo upesi sana, lakini mwulize ni ipi iliyotoka mbali zaidi.

Kuhusu askari, hapo niko upande wako kabisa, na sitaki mumeo alichukulie kama jambo dogo. Uwanja wa Entebbe si wa abiria peke yao. Upande wa jengo la zamani, ambako mwaka 1976 abiria wa ndege ya Air France walishikiliwa mateka, kuna kambi ya jeshi la anga, na askari anayemwona mtu akielekeza lenzi ndefu kwenye uzio ana sababu ya kumwuliza maswali. Apige picha akiwa mahali panaporuhusiwa watu wote, aziache ndege za jeshi na majengo yao, na akiambiwa aondoke aondoke bila kubishana, hasa akiwa na watoto.

Lililo zito zaidi kwangu ni mama yako, ingawa umempa sentensi moja tu. Mgeni aliyetoka Arua, mwenye umri wa kuitwa bibi, aliachwa juani na mkwewe siku ya Idi. Hilo haliombewi radhi na wewe kwa niaba ya mume. Aende mwenyewe kwa miguu yake, na asiende mikono mitupu. Akishaomba radhi, akae kidogo amsimulie kile alichokuwa akikitazama, maana kumbe anayo mengi ya kusimulia: kwa mfano, kwamba Mei 1952, ndege ya Comet ilipoanzisha safari za kwanza za jeti za kubeba abiria, kutoka London hadi Johannesburg, Entebbe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Huenda mama yako naye ana kumbukumbu zake za uwanja ule, za kuwasindikiza mahujaji au kumpokea ndugu. Laiti wangezungumza hivyo pale ufukweni, chini ya mwembe, benchi lisingekuwa na ubaya wowote.

Safari ijayo ipangwe na ninyi wawili usiku wa kabla yake, simu yake ikiwa mezani. Achague ndege moja au mbili anazozitaka kweli, aseme saa zake, na kwa muda huo asisumbuliwe na mtu. Muda uliobaki kamera ikae mkobani, naye awashike watoto mikono wakawatazame sokwe bila kukimbizwa. Siku anayotaka kuanzia asubuhi hadi jioni aende peke yake, au na binti yake, nawe ubaki nyumbani na mama yako. Chakula chao cha njiani, mwanangu, wajifungashie wenyewe.