Blanketi la viraka la mashati kuukuu: kazi kubwa iko kabla ya cherehani

Shati la mwanamume huanza kufa kwenye kola. Halafu viwiko, halafu makwapa, ambako jasho hula nyuzi. Mgongo hubaki mzima miaka mingi baadaye. Kwa hiyo ukienda soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, kutafuta mashati ya kushonea blanketi la viraka, usishindanie yale yaliyotundikwa kwenye henga. Inamia kwenye mafungu yaliyomwagwa chini, utafute yenye kola iliyolika au vifungo vilivyong'oka. Muuzaji atayaachia kwa bei ndogo, nawe kola huna haja nayo.

Kila shati liinue juu likabiliane na jua. Mahali panapopitisha mwanga kuliko pengine pameshachakaa, hata kama kwa macho panaonekana pazima. Kisha shika kitambaa kwa vidole gumba viwili ukivute kwa nguvu. Kikilia na nyuzi zikaachana, kiache hapohapo. Kiraka kimoja kilichooza kitachanika miezi michache baadaye katikati ya blanketi zima, na kukibadilisha ni kazi ngumu kuliko kukishona mwanzoni.

Pamba tupu ndiyo tunayoishauri. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo na uuchome mbali na nguo nyingine. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunyata na kuacha kitone kigumu cheusi. Ukizichanganya, pamba hurudi ikifuliwa na poliesta haibadiliki, basi blanketi linakunjamana kwenye kila mshono. Tena wengi wetu tunapiga pasi ya mkaa, ambayo joto lake halipimiki, na poliesta hunata kwenye chuma chake.

Fua kila kitu kabla ya kukata, pamoja na kitenge cha upande wa chini hata kama ni kipya. Nguo nyekundu, bluu iliyokolea na nyeusi zifuliwe peke yake. Zikiwa bado mbichi, zikandamize kwa kitambaa cheupe. Kikipata rangi, rudia kufua, na baada ya mara tatu ikiwa bado inachuja, liondoe shati hilo. Watu husema loweka kwenye maji ya chumvi, lakini chumvi haizuii rangi iliyoamua kutoka. Inauma sana kuona shati moja jekundu limeharibu kazi ya wiki tatu.

Sasa hesabu. Kwa kitanda cha futi 4 kwa 6, lenga blanketi la sentimita 160 kwa 208. Kata miraba ya sentimita 18 kila upande. Mshono ukila sentimita 1 kila ukingo, mraba unabaki na 16. Unahitaji miraba 10 kwa upana na 13 kwa urefu, yaani 130. Shati la saizi L hutoa miraba 9 mgongoni, 3 kila upande wa kifua na 2 hadi 4 kila mkono. Hata hivyo ukiondoa madoa na sehemu zilizochakaa, hesabu 14 tu. Mashati 10 yanatosha na yanabakiza kidogo. Usipoteze muda kufumua mishono kwa wembe. Kata kando ya mshono, uutupe.

Kwenye kukata ndipo wengi wanapoharibu, na kosa lenyewe halionekani mpaka mwisho. Kielelezo cha kukatia miraba kikiwa cha boksi, hulika pembeni kila mkasi unapopita. Mraba ukipungua milimita 2, safu ya miraba 10 imepungukiwa sentimita 2, na hailingani tena na safu ya juu yake. Tumia kipande cha plaiwudi au kigae, uchore kwa chaki kisha ukate juu ya mstari. Jambo la pili ni uelekeo wa nyuzi. Ukingo wa mraba lazima ufuate ule mstari wa vifungo unavyoshuka. Ukikata mshazari kitambaa kinavutika kama mpira, na blanketi litafanya mawimbi ambayo pasi haiwezi kuyalaza. Shati la drafti linasaidia hapa, kwa sababu mistari yake ndiyo rula yako.

Tandaza miraba yote kwenye mkeka, ya rangi nyepesi ikipishana na iliyokolea. Rudi nyuma hatua kadhaa, uangalie, ubadilishe, kisha piga picha kwa simu kabla mtoto au kuku hajapita juu yake. Miraba yenye mifuko ya kifua tunaipenda iachwe na mifuko yake.

Cherehani ya miguu inatosha kabisa. Weka sindano namba 14 na hatua ya milimita 2.5. Shona safu moja moja, halafu unganisha safu. Mishono ya safu ya kwanza ilazwe kulia, ya pili kushoto, na kuendelea hivyo. Zikikutana, zinaumana vizuri na pembe zinalingana bila kuvimba.

Kwa tabaka la katikati, blanketi jepesi la mitumba linafaa hali ya hewa ya Mwanza, hata usiku wa Juni na Julai. Sufi na pamba ya godoro tusingeshauri, kwani zikifuliwa zinajikusanya madonge kwenye pembe. Kwa upande wa chini, kitenge cha yadi 6 chenye upana wa sentimita 115 hivi kinatosha. Kata vipande viwili vya mita 2.2, uviunge ubavu kwa ubavu. Kinachobaki kikate vitepe 7 vya sentimita 6 kwa ajili ya kuzungushia pindo.

Tandika kitenge sakafuni, uso ukiangalia chini, ukivute kidogo na ukishike kwa selotepu. Weka lile blanketi jepesi, kisha viraka juu. Piga bandi au pini kila baada ya sentimita 15, ukianzia katikati kwenda nje. Kushona pia kuanze katikati. Ukianzia pembeni, kitambaa kilichozidi kinasukumwa mbele na kukunjamana upande wa chini ambao huuoni. Legeza skrubu inayokandamiza kichuma cha kushikia kitambaa, maana sasa cherehani inameza tabaka tatu. Ikigoma, funga fundo la uzi mnene wa kufumia kwenye kila pembe ya mraba. Linashika vizuri na linapendeza. Ila kwa blanketi la mtoto mchanga usishonee vifungo. Vikichomoka, atavitia mdomoni.

Vitepe viunge mwisho kwa mwisho, uvikunje katikati kwa pasi, uvishone upande wa juu, kisha uvigeuze chini na umalizie kwa mkono.

Lifue nyumbani kwenye beseni. Ziwani sabuni yako inabaki kwenye maji ya watu wengine, na ufukoni kuna kichocho. Usilianike juu ya mawe, maana yanakwangua nyuzi. Usilining'inize kwenye kamba moja pia. Likiwa na maji ni zito na linavuta mishono, basi litandaze juu ya kamba mbili au tatu. Liingize ndani kabla ya jioni, hasa siku wale wadudu wadogo wanapopanda kutoka ziwani kama moshi. Wakitua kwenye nguo mbichi na ukawapangusa kwa mkono, wanaacha doa. Subiri likauke kabisa, ndipo ulikung'ute.