Modeli ya Bonde la Mto Ipimwe kwa Maji ya Kiangazi

Kwa wanaoanza kutumia kompyuta kupanga matumizi ya maji ya bonde la mto, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayoiga mwendo wa maji mtoni, ipimwe kwa maji ya kiangazi kabla ya kupimwa kwa mafuriko. Nimeufikia ushauri huu kwa kufanya kazi upande wa Usangu, katika bonde la Ruaha Mkuu nchini Tanzania, ambako tangu mwishoni mwa mwaka 1993 mto umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha karibu kila kiangazi, ilhali miezi michache kabla ya hapo maji yake huwa yametapakaa mbugani.

Vipimo vya kitakwimu vinavyotumika sana kulinganisha mtiririko uliokokotolewa na ule uliopimwa mtoni hutawaliwa na siku za maji mengi, kwa kuwa tofauti ya asilimia chache wakati wa mafuriko huweza kuzidi mtiririko wote wa mwezi Oktoba. Kwa hiyo modeli yaweza kupata alama nzuri sana na bado ikaonyesha maji yanatiririka mahali penye mchanga mtupu. Mimi huibadili mitiririko yote miwili kuwa logi (logarithimu, ambayo huipa uzito mitiririko midogo), nikiongeza kwanza kiasi kidogo kwa kuwa sifuri haina logi, kabla ya kuilinganisha, huitazama miezi ya Agosti hadi Novemba peke yake, kisha hulinganisha idadi ya siku za ukavu katika kituo cha kupimia mto cha Msembe, kilichomo ndani ya hifadhi.

Usangu ina jambo jingine ambalo modeli ikilikosa, matokeo yake hayafai kitu. Maji ya mto yaendayo Msembe hupita kwanza katika ardhioevu ya Ihefu, ambayo mlango wake wa kutokea ni kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Kina cha maji kikishuka chini ya mwamba huo, mto chini yake hukatika hata kama Ihefu yenyewe bado ina maji mengi. Mpango wa kuachia maji kidogo kutoka mashambani mwezi Oktoba huonekana mzuri katika modeli isiyo na kizingiti hicho, lakini ukikiweka pamoja na uvukizi wa eneo lote lililo wazi, utaona kwamba maji hayo yanaweza kuishia hewani bila kuvuka mwamba, na kwamba yafaa yaanze kuachiwa mapema, kabla kina hakijashuka.

Takwimu za watumiaji nazo zisichukuliwe kwenye vibali vya kutumia maji pekee. Kibali hutaja kiasi kilichoruhusiwa, lakini banio, yaani kizuizi kinachochepusha maji ya mto kuingia mferejini, hupitisha kiasi kinachoweza kupita, na njia ya kuijua tofauti hiyo ni kwenda kwenye banio wakati wa kiangazi, kupima mfereji, na kuzungumza na wazee wa jumuiya ya watumia maji. Fuatilia pia maji yanayotoka kwenye majaruba ya mpunga na kurudi mtoni, kwa sababu mkulima wa chini huyategemea. Ukisakafia mfereji wa juu na kuyahesabu maji yote yasiyopotea kuwa yameokolewa, utakuwa umeyahesabu maji ambayo tayari yana mwenyewe.

WEAP, programu ya kompyuta ya kupanga mgao wa maji iliyotengenezwa na Stockholm Environment Institute, humpa kila mtumiaji nafasi katika foleni ya mgao. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya majumbani, kisha mazingira, na ni rahisi kuuandika mpangilio huo kwenye kompyuta na kuona mto ukitiririka mwaka mzima. Katika hali halisi mwenye banio la juu ndiye anayetangulia kupata. Nasisitiza kuendesha modeli mara mbili, kwanza kwa mgao uliopo na baadaye kwa mgao wa sheria, na tofauti kati ya matokeo hayo ielezwe banio kwa banio na mwezi kwa mwezi, kwani hiyo ndiyo kazi inayoisubiri bodi ya maji ya bonde.

Matokeo hayo yafikishwe kwa wakulima wenyewe, na katika hilo Usangu ina mfano ninaouheshimu mno. Watafiti waliofanya kazi huko, akiwemo Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, walibuni ubao wenye mteremko ambao goroli huteremka kama maji ya mto na vijiti huwekwa kuwa mabanio, wakulima wa juu na wa chini wakacheza pamoja na kujadiliana mgao. Mkutano wa namna hiyo ufanyike kabla ya michoro ya kompyuta kuonyeshwa, na makubaliano yatakayofikiwa, kama vile zamu za kufunga mabanio usiku, yaingizwe kwenye modeli, ili ikokotoe ni siku ngapi za ukavu zitapungua Msembe.