Siku Njema Ndiyo ya Kujichunga

Nina lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Nikiamka na nguvu nafua, napika, naenda soko la Mgandini. Kesho yake siinuki kitandani. Mawifi zangu wanasema nadeka. (Ngamiani)

Hudeki, dada yangu. Siku unayoamka na nguvu ndiyo ya kujichunga zaidi, maana mwili wenye maradhi haya aghalabu haudai papo hapo. Hudai kesho au keshokutwa. Kipimo chako kiwe kile unachokimudu siku mbaya. Kama siku mbaya unasimama jikoni robo saa tu, basi hata ukijisikia mzima keti kila robo saa, kabla miguu haijalalamika. Nguo zigawe: leo sare za watoto, keshokutwa mashuka. Nazi unaikuna umekaa kwenye mbuzi, sasa mihogo nayo imenye umekaa, na vitunguu vikate umekaa. Sokoni nenda alfajiri au mtume mtoto, kwa sababu jua lenyewe huamsha lupasi, na jua la Tanga wakati wa kaskazi unalijua. Unapopumzika, lala ufumbe macho. Kulala huku unajibu simu ni kazi nyingine.

Mawifi usibishane nao. Siku ya kliniki mchukue mmoja wao, amsikie daktari kwa masikio yake. Inaniuma sana mgonjwa anapotumia nguvu zake chache kuthibitisha kwamba anaumwa.

Nina sukari na presha. Daktari kaniambia nitembee, wewe kila siku unasema tupumzike. Nimfuate nani? (Chumbageni)

Daktari, mzee wangu. Kwa sukari na presha kutembea ni sehemu ya tiba. Shika njia ya Raskazone jioni, magoti yakiuma kaa kidogo, kisha endelea. Ukitumia insulini, weka kitu kitamu mfukoni.

Onyo langu ni kwa wale ambao hali huzidi kila wanapojitutumua, wakiwemo baadhi ya waliobakiwa na uchovu baada ya korona. Nchini Uingereza, mwongozo wa tiba ya uchovu sugu wa mwaka 2021 uliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba. Wagonjwa wengi walikuwa wameeleza kwamba yanawazidishia.

Mwanangu ana selimundu (sikoseli) na anakwenda shule kwa baiskeli. Nimkataze? (Pongwe)

Usimkataze. Aondoke mapema asikimbizane na kengele, anywe maji bila kungoja kiu, na mvua isimnyeshee. Zungumza na mwalimu amruhusu kunywa maji darasani na kutoka haja. Akipata homa usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali ya Bombo au kituo cha karibu usiku huohuo.

Naona haya kusali nimekaa kwenye kiti mbele ya wenzangu. (Makorora)

Mtume (s.a.w.) alimwambia Imran bin Huswayn asali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Ruhusa hiyo ni yako pia, mama. Kaa kwenye kiti, usali.